Mlingoti wa Skuli na Mlingoti wa Maskani

Katika shehia nyingi za Unguja na Pemba, yaani mitaa na vijiji vinavyosimamiwa na sheha, mtu akisimama barabarani anaona milingoti miwili. Mmoja uko skuli, kituo cha afya au ofisi ya sheha. Mwengine uko maskani, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama, au kwenye tawi la chama. Anayetaka kujua hali ya siasa ya mahali hapo asianze na hotuba za mkutano wa hadhara, aangalie kwanza bendera ipi ni mpya.

Mara nyingi iliyo mpya ni ya chama. Ya nchi imepauka, ncha yake ya nje imechanika nyuzinyuzi, na kamba iliyoishika imefungwa vifundo vitatu kwa sababu ilishakatika. Mtu anaweza kudhani watu wanakipenda chama kuliko nchi yao. Sababu ni nyepesi zaidi: bendera ya chama hununuliwa kwa mchango wa wanachama na hubadilishwa kila kampeni inapokaribia, na ya nchi inasubiri kasma, yaani fungu la bajeti, ambayo skuli nyingi hazina. Mwalimu mkuu mwenye fedha kidogo ya matumizi atanunua chaki kwanza, na ana haki.

Hoja ya makala hii ni kwamba bendera ya nchi haiwi ya wote kwa kuhubiriwa kuwa ni ya wote. Inakuwa ya wote kutokana na namna inavyoshonwa, inavyopandishwa, inavyotunzwa na inavyotengwa na bendera za vyama. Haya ni mambo ya mikono na ratiba, na Zanzibar inaweza kuyatengeneza hata katika msimu ambao wanasiasa hawasalimiani.

La kwanza la kukubali ni kwamba rangi zenyewe zina historia ya upande. Usultani ulikuwa na bendera nyekundu tupu. Tarehe 10 Disemba 1963 likaongezwa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu, na bendera hiyo ikaishi mwezi mmoja na siku mbili. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ilipepea nyengine kwa siku chache, kisha kabla ya mwezi kumalizika ikasimama ya buluu, nyeusi na kijani, iliyochukua rangi za Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika serikali baada ya Mapinduzi. Ulipokuja Muungano tarehe 26 Aprili 1964, buluu hiyo ikaunganishwa na kijani, nyeusi na dhahabu za Tanganyika, na bendera ya Muungano ikaanza kutumika rasmi tarehe 30 Juni mwaka huo. Zanzibar ikakaa miaka 40 bila ya bendera yake, mpaka Baraza la Wawakilishi lilipotunga sheria ya bendera mwaka 2004, wakati wa Rais Amani Abeid Karume, na ikapandishwa Januari 2005: milia mitatu ileile ya 1964, na bendera ndogo ya Muungano kwenye pembe ya juu upande wa mlingoti.

Kwa hiyo Mpemba ambaye babu yake alikuwa Hizbu, chama kilichoshindana na Afro-Shirazi kabla ya Mapinduzi, au ambaye yeye mwenyewe alipigia kura CUF tangu 1995 na sasa yuko ACT-Wazalendo, akiitazama bendera hii anaweza kusema ni rangi za chama kilichoungana na TANU kuzaa CCM mwaka 1977. Hasemi uongo. Anayemjibu kwamba rangi hizo ni za anga na bahari, watu na ardhi, naye hasemi uongo, lakini jibu lake halitoshi, kwa sababu mwenzake haulizi maana ya rangi, anauliza zimetoka kwa nani.

Hata hivyo, tazama ilivyokuwa mwaka 2004. Rangi zilitoka upande mmoja, lakini jambo lenyewe, yaani Zanzibar kuwa na bendera yake, lilikuwa ni kiu ya upande wa pili pia. Wapinzani ndio waliokuwa wakilalamika kwa sauti kubwa kwamba Zanzibar inamezwa ndani ya Muungano. Serikali ya CCM ilipoipandisha bendera hiyo, iliwapa wapinzani wake kitu walichokuwa wakikitaka, kikiwa na rangi ambazo wasingezichagua. Kila upande ukabaki na nusu yake ndani ya kitambaa kimoja. Marekebisho ya Katiba ya 2010, yaliyoitaja Zanzibar kuwa ni nchi na kuweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo, yaliutia nguvu msimamo huo. Tangu hapo Makamu wa Kwanza wa Rais anaweza kutoka chama cha upinzani, na anafanya kazi katika ofisi inayopepea bendera ileile.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Februari 2021. Maalim Seif Sharif Hamad wa ACT-Wazalendo alifariki tarehe 17 akiwa Makamu wa Kwanza, na akazikwa Mtambwe, Pemba, siku iliyofuata. Rais Hussein Ali Mwinyi alitangaza siku saba za maombolezo na bendera kupepea nusu mlingoti. Mtu aliyeshindana na wagombea wa CCM kuanzia 1995 mpaka 2020 akaombolezwa kwa rangi zilizotoka Afro-Shirazi, na katika siku hizo hakusikika mtu mwenye akili zake akiuliza bendera hii ni ya nani. Sidhani kama hotuba yoyote ya maridhiano imefanya kazi kubwa kuliko kamba ile iliyoteremshwa.

Uwanja wa mpira nao una la kufundisha. Tarehe 13 Januari 2025 Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, iliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na fainali hiyo ilichezwa Gombani, Chake Chake, Pemba. Kombe lina jina la tukio linalowagawa Wazanzibari kuliko jengine lolote, na uwanja uko kisiwani ambako upinzani ndiko ulikokuwa na nguvu miaka yote ya vyama vingi. Watu walijaa na vibendera mikononi. Aliyetaka kushangilia bao hakuhitaji kwanza kukubaliana na mwenzake kuhusu 1964.

Hiyo ni siku moja. Siku za kawaida ndizo zenye kazi, na ndizo zinazoharibiwa kwa mambo madogo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni bendera kupandishwa juu chini. Bendera ya Muungano inakaa hivi: kijani kimeshika mlingoti juu, buluu iko chini upande wa nje, na mkanda mweusi wenye kingo za manjano unapanda kutoka pembe ya chini ya mlingoti kwenda pembe ya juu ya nje. Mkanda ukiwa unateremka, imepinduliwa. Ya Zanzibar ni rahisi zaidi: buluu juu, nyeusi kati, kijani chini, na ile ndogo ya Muungano juu karibu na mlingoti. Ikipinduliwa, anayetazama kwa mbali anaona kijani kikiwa juu ya rangi zote. Mahali penye joto la siasa, kosa la mlinzi aliyefunga kamba alfajiri na mapema kabla hakujapambazuka vizuri linasomwa kuwa ni ujumbe wa makusudi. Kabla ya adhuhuri picha imeshazunguka kwenye simu, na sheha anaitwa ajieleze.

Dawa yake ni ya fundi. Ncha ya juu ya bendera ifungwe pete ya shaba na ncha ya chini kulabu, na kamba nayo iwe na kulabu juu na pete chini. Hapo hata gizani haiwezi kufungika kinyume, kwa sababu pete haishikani na pete. Asiyekuwa na vifaa hivyo ashone uzi mwekundu kwenye pembe ya juu ya mfuko wa kamba, mlinzi aupapase kwa kidole.

Kosa la pili ni kapi, yaani kigurudumu cha kileleni kinachopitisha kamba. Makapi ya chuma yanayouzwa kwa ajili ya milingoti hayaziwezi chumvi zetu. Skuli iliyo hatua chache kutoka pwani, kapi lake linaota kutu, gurudumu linaganda, na siku moja bendera inakwama kati ya kileleni na chini. Wapita njia wanauliza nani amefariki. Kama ni wiki ya uchaguzi, wanauliza maswali mabaya zaidi. Mafundi wa majahazi wanajua jambo hili zamani: kapi liwe la shaba au plastiki ngumu, litiwe grisi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi, na kamba iwe ya naironi iliyosokotwa yenye unene wa milimita 6 hadi 8. Katani hunywa maji ya masika, hufura ndani ya kapi na kuoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Kitambaa nacho kina hesabu yake. Pamba hushika rangi vizuri na hupendeza ndani ya ofisi, lakini nje hunywa mvua, huwa nzito na huota koga. Nje itumike poliesta. Fundi akishona bendera ya Zanzibar yenye upana wa sentimita 90, kila mlia utoke sentimita 30. Wengi hukata vipande vitatu vya 30 kamili, na hapo milia inatoka myembamba kuliko kipimo, kwa sababu kila mmoja unaliwa na mshono pande zote mbili. Kila kipande kikatwe sentimita 33, sentimita moja na nusu za mshono kila upande, na mistari ichorwe kwa chaki kabla ya sindano kuingia. Upande wa mlingoti utiwe turubai jeupe la sentimita 5. Ncha ya nje ikunjwe mara mbili na ipigwe mishono minne kwa uzi wa poliesta, kwani hapo ndipo bendera inapofia.

Hapo pana jambo ambalo walinzi wengi hawalijui. Bendera ikichanika ncha, wanaikata kidogo na kuipinda upya. Kwa ya milia iliyolala, kukata sentimita 2 au 3 mara moja hakuharibu kitu. Kwa ya Muungano ni kosa, kwa sababu mkanda mweusi unamalizikia kwenye pembe ya juu ya nje. Ukikata hapo, mkanda hauifikii tena pembe, na buluu, ambayo ndiyo rangi iliyotoka Zanzibar, ndiyo inayopungua. Uwiano wa upana kwa urefu ni 2 kwa 3: upana wa sentimita 90 uende na urefu wa 135. Ikishapoteza uwiano huo ibadilishwe. Iliyochakaa isigeuzwe kitambaa cha kufutia meza wala isitupwe jaani. Ichomwe faragha kwa staha.

Mlingoti wenyewe, kwa skuli ya kawaida, mita 6 unatosha kwa bendera ya 90 kwa 135. Kanuni ya kukadiria ni urefu wa bendera kuwa kiasi cha robo ya mlingoti; wa mita 6 ukiutia bendera kubwa zaidi ya hapo, upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti utaupinda bomba. Shimo lichimbwe sentimita 90 kwenda chini na 60 upana, na zege lichanganywe ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mchanga wa pwani usitumike hata ukiwa uko karibu na wa bure, chumvi yake inakula chuma ndani ya zege na mlingoti unakatikia usawa wa ardhi. Kwenye maweni kama Makunduchi na Jambiani, ambako kuchimba ni kazi ya mtaimbo, shimo fupi kidogo linavumilika kwa kuwa jiwe lenyewe linashika.

Bendera mbili zisifungwe kamba moja, ya Muungano juu na ya Zanzibar chini yake, kama inavyofanywa mahali ambako kuna mlingoti mmoja tu. Kila moja iwe na mlingoti wake, urefu sawa, ukubwa sawa, na nafasi kati yao izidi urefu wa bendera ili zisipigane. Ikiwa mtu ni mmoja, aanze na ya Muungano asubuhi na aimalizie jioni. Kupandisha ni kwa haraka, kushusha ni polepole. Kwa nusu mlingoti, ipelekwe kwanza hadi kileleni, isimame kidogo, ndipo iteremshwe. Na jioni ipandishwe tena kileleni kabla ya kushushwa kabisa. Anayeiacha njiani tangu mwanzo amefanya kama yule mwenye kapi bovu.

Mtu anaweza kuuliza, siasa iko wapi katika haya yote? Imo humu humu. Alama inayotumiwa kwa kanuni moja kila siku haimpi mtu nafasi ya kuitumia kwa kupendelea. Fikiria ile desturi ya saa kumi na mbili, filimbi inapopulizwa kwenye kituo cha polisi na watu wa jirani wanasimama walipo mpaka bendera ifike. Mwenye kanga ya chama anasimama na asiyekuwa na chama anasimama. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Desturi hii imefifia mijini, na kwa maoni yangu irudishwe kwa ukamilifu kwenye skuli na ofisi zote za serikali.

Sasa suala la mipaka, ambalo ndilo gumu. Katika zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, watu waligomeana maduka, magari na hata maziko kwa ajili ya vyama. Miaka ya tisini Pemba ikayaona tena. Matokeo rasmi ya 1995 yalimpa Dk. Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif 49.8, ya 2010 yalimpa Dk. Ali Mohamed Shein 50.1 na Maalim Seif 49.1. Katika nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu, ofisi ya umma inayochanganya bendera ya nchi na ya chama inaifukuza nusu ya wenyewe.

Mahali panapouma zaidi ni ofisi ya sheha. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kwake ndiko mwananchi anakokwenda kuthibitishwa kuwa ni mkaazi ili apate kitambulisho, na bila ya kitambulisho hana kura. Kuna shehia ambazo ofisi hiyo inatazamana na tawi, au sheha anafanyia kazi kwenye baraza ya nyumba yenye bendera ya chama juu ya paa. Mwombaji anayeingia hapo ameshajibiwa kabla hajasalimia. Bendera ya nchi iliyoko mlangoni haiwezi kumsaidia, kwa sababu macho yake yameshaona nyengine.

Mapambo ya sherehe nayo yana lawama yake. Wiki ya Mapinduzi, barabara na viwanja hufungwa vitambaa. Kijani na manjano peke yake ni CCM, na kila mtoto wa Zanzibar anajua. Kijani kikiwa na buluu na nyeusi ni nchi. Wapambaji wanaofungua majora ya kijani na manjano kwenye sherehe inayolipiwa na kodi ya kila mtu wanaivua bendera kazi yake siku ileile inayotakiwa kufanya kazi. Mbadala haugharimu zaidi: jora la buluu, jora la nyeusi, jora la kijani, kwa mpangilio uleule wa bendera.

Wapinzani nao wana deni. Mikutano yao mingi ya hadhara hujaa zambarau na nyeupe za ACT-Wazalendo mwanzo mpaka mwisho, na bendera ya nchi haionekani jukwaani wala haitajwi. Ukiiacha alama mikononi mwa mpinzani wako kwa miaka 20, usishangae watu wakiiona kuwa ni yake. Chama kinachoomba kuongoza nchi kingeonekana kina haki zaidi ya kuomba hivyo kikiiheshimu bendera ambayo Makamu wa Kwanza wake aliombolezwa kwayo.

Pendekezo ni dogo na lina bei inayojulikana. Wizara zinazosimamia elimu, afya na tawala za mikoa zitenge kasma ya bendera kwa kila skuli, kituo cha afya na ofisi ya sheha: bendera mbili za kila aina kwa mwaka, moja ipandishwe mwisho wa masika na nyengine kabla ya tarehe 12 Januari, pamoja na kamba na grisi ya kapi. Kazi ya kushona wapewe mafundi cherehani wa Unguja na Pemba kwa kipimo kimoja kilichoandikwa. Sambamba na hilo, Tume ya Uchaguzi na vyama vikubaliane umbali, tuseme mita 50, ambao ndani yake hakuna bendera ya chama karibu na ofisi ya sheha, skuli, hospitali au kituo cha polisi, mwaka mzima, uchaguzi uwepo usiwepo.

Maskani zitalalamika, hasa zile zilizokuwepo kabla ya jengo la serikali kujengwa jirani nazo. Malalamiko yao yasikilizwe, na pale ambapo ofisi ya sheha ndiyo iliyowafuata, ihamishwe ofisi. Swali la nani aanze kuteremsha litazushwa mapema, na jibu lake halihitaji kamati: aanze CCM, kwa sababu ndicho chama kilichoshika serikali na ndicho chenye bendera nyingi zaidi karibu na milango ya umma, na ACT-Wazalendo ifuate wiki hiyohiyo kwa matawi yake ya Pemba yaliyo ubavuni mwa skuli.